Ng'ombe wa Shangazi Ndani ya Kaseti

Barua ilimtaka aje na ushahidi wa ujuzi wake wa kompyuta. Haikutaja cheti, na ndiyo maana shangazi yangu aliona ana nafasi. Kampuni moja ya madini iliyokuwa ikifungua ofisi upande wa Geita ilitafuta makarani wawili, na usaili ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Siku tisa. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na tisa, elimu ya kidato cha nne, cherehani, na kaseti moja ya dakika sitini ambayo, kwa maelezo yake, ilikuwa na mchezo wa kompyuta alioutunga mwenyewe.

Sikumwamini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo na nimerudi Shinyanga kusubiri barua zangu mwenyewe za kuitwa kazini, nikiwa katika umri wa kudai ushahidi hata wa siku ya kuzaliwa kwangu, ambayo baba aliikadiria kwa kukumbuka mvua. Shangazi alikuwa dada yake baba, na nilimheshimu. Lakini heshima ni kitu kimoja na kuamini ni kingine, na nilimweleza hivyo.

"Hujaamini nini?" aliniuliza, bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Kwamba mwaka themanini na nne hapa Shinyanga kulikuwa na kompyuta."

"Ilikuwepo. Nyeusi, ndogo kama sahani ya wali, vitufe vyake vya mpira. Ukivibonyeza unadhani unabonyeza sikio la mbuzi."

Maelezo hayo yalinisumbua. Mtu anayetunga uongo hafikirii sikio la mbuzi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya shule aliajiriwa kwenye duka la vipuri vya redio na baiskeli, la familia moja ya Kihindi iliyokaa mjini tangu enzi za babu yao. Kazi yake ilikuwa kuandika kadi za bidhaa. Ndugu wa mwenye duka aliyeishi Uingereza alileta mashine ile kwa ajili ya watoto, lakini watoto walikuwa wamepelekwa shule Nairobi, na mwenye duka hakuona inamfaa nini. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani kwake. Wakati huo bara hapakuwa na stesheni ya televisheni, kwa hiyo kile kioo kilikuwa cha mikanda ya video tu na mchana kilikaa bure. Shangazi aliomba ruhusa ya kukitumia saa ya chakula. Alikaa na kitabu cha maelezo na kamusi, na kwa miaka miwili alijifunza.

Mashine ile haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Ulichokiandika kilifutika ukizima, isipokuwa ukiunganisha redio ya kaseti, nayo mashine ikageuza maandishi kuwa kelele na kuzirekodi. Siku ya pili ukaipigia kelele zile zile, ikayakumbuka. Hilo nililijua kwa kusoma. Sikutegemea kulisikia kwa shangazi, akiwa na sindano mdomoni.

Mchezo wake ulihusu ng'ombe. Unawatoa zizini, unawapitisha mbugani hadi kwenye lambo, wanywe kabla maji hayajakauka. Njiani kuna fisi na kuna tope la mbuga, lile jeusi linaloshika. Alimchora ng'ombe kwenye karatasi ya hesabu ya mirabaraba, visanduku vinane kwa vinane, kwa sababu mashine haikupokea zaidi.

"Pembe zilinisumbua," alisema. "Nikiweka pembe, nundu haitoshi. Nikaondoa mkia."

"Ng'ombe bila mkia?"

"Kwani anayemswaga anatazama mkia?"

Nilikuwa na kitu ambacho kingeweza kumaliza ubishi. Chuoni, mwanafunzi mmoja wa uhandisi alininakilia kwenye disketi programu iliyoandikwa na watu wa nje na kugawiwa bure. Kazi yake ilikuwa kuigiza kompyuta za zamani ndani ya kompyuta mpya. Unaifungua, na kioo cha mashine ya leo kinajifanya kioo cha mashine iliyokufa zamani, makosa yake yakiwemo. Tuliiita kiigizi. Ilikuwa na mlango wa kupokea sauti: ungeweza kuchomeka wokmani, ile redio ndogo ya kaseti ya kubeba kiunoni, ukaifanya iimbie kompyuta. Nami nilikuwa na wokmani.

Kompyuta yenyewe tuliipata pale pale kwenye duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa sasa mzee wa miaka sitini na kitu, ameongeza huduma ya kuchapa barua, na alikuwa amenunua kompyuta yenye kadi ya sauti ili asikilize nyimbo za Kihindi za ujana wake. Shangazi aliingia kama mtu aliyetoka kunywa chai na kurudi kazini.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba, dada. Umenenepa."

"Na wewe umeota mvi."

"Mvi za madeni ya watu. Keti, keti. Nini leo?"

Nilimweleza. Akatazama kaseti, akaigeuza, akacheka. "Ile mchezo ya ng'ombe! Ipo bado?" Nikaandika moyoni kwamba huyu ni shahidi wa pili, ingawa shahidi anayefahamiana na wa kwanza.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Nilichomeka waya, nikafungua kiigizi, nikabonyeza. Kwanza ulitoka mluzi mrefu ulionyooka, kisha mkwaruzo mfupi, kisha mluzi tena, kisha mkwaruzo mrefu kama mafuta yanayokaangwa karibu na sikio. Mwenye duka aliziba masikio. Kompyuta haikuelewa chochote. Nikarudisha, nikajaribu tena. Hakuna.

"Sauti iko chini," shangazi alisema.

Nikaongeza sauti.

"Sio hivyo. Mluzi wenyewe uko chini. Ule wa kwangu ulikuwa juu zaidi, hivi." Akapiga mluzi kwa mdomo. "Hizo betri umezianika?"

Nilikuwa nimezianika. Kila mtu alianika betri juani zikiisha, zikapata nguvu ya siku moja au mbili. Kwa muziki ilitosha. Mwimbaji anakuwa mzito kidogo, unamvumilia. Lakini mota ya wokmani ikizunguka polepole, kelele nazo zinashuka, na mashine inayosubiri kelele za kasi fulani haivumilii. Mwenye duka alifungua kabati ya kioo, akatoa betri mpya mbili. Mluzi ukapanda hadi pale pale alipokuwa ameuweka shangazi kwa mdomo, na kwenye kioo mistari ya rangi ikaanza kutetemeka pembezoni. Dakika moja baadaye likatokea neno moja kwa herufi kubwa: SUBIRI.

"Hiyo ni sehemu ya kwanza," alisema. "Maagizo ya mchezo. Ya pili ni michoro, ya tatu ni ramani ya mbuga. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo, niligawa."

Kuanzia hapo sikuwa na sababu nzuri ya kutomwamini, na nilijikuta nikitafuta mbaya. Labda aliizoea kwa kuicheza tu. Mtu anaweza kuujua wimbo wote bila kuutunga.

Sehemu ya pili iliposomwa, utepe ulianza kulia ndani ya kaseti, sauti ya mlango mkavu. Nilisimamisha. Ulikuwa wa miaka kumi na nne, umekaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na nyumba yake ni ya bati bila dari, joto tupu. Nikatoa ushauri ambao bado nadhani ulikuwa wa busara: tusiucheze tena kabla ya kuunakili.

"Mimi ningeendelea tu," shangazi alisema.

"Na ukikatika?"

"Utakatika ukinakiliwa pia. Utepe haujui unachezwa kwa ajili gani."

Nilishinda, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Karibu na standi ya mabasi kulikuwa na kibanda cha kurekodi. Fundi wake alikuwa na deki tatu, spika mbili nje, na wateja wengi kutoka machimboni. Wachimbaji wadogo walishuka na orodha za nyimbo zilizoandikwa kwenye maganda ya sigara, akawatengenezea kaseti, wakazipeleka Kahama na Geita, kwenye mahema yaliyokuwa kando ya maduara, yale mashimo ya dhahabu. Alisifiwa kwa jambo moja zaidi ya kurekodi. Katikati ya nyimbo aliingiza sauti yake mwenyewe, akitaja kibanda chake na kutuma salamu kwa mwenye kaseti na rafiki zake. Hilo lilimlinda na wezi wa nakala, na wateja walilipenda. Kaseti isiyokuwa na jina lako ndani ilikuwa kaseti ya mtu yeyote.

Nililijua hilo. Nilikuwa na kaseti zake mbili nyumbani. Halikunijia akilini.

"Hii bendi ya wapi, msomi?" aliniuliza, baada ya kusikiliza sekunde tano.

"Sio bendi. Ni data."

"Jogoo anakabwa koo, wewe unaniambia data."

"Nakili tu kama ilivyo. Usiguse sauti, usipunguze wala kuongeza."

"Sigusi kitu, mwanangu. Kazi yangu ni safi, waulize wa Mwadui, waulize wa Samuye. Ni ya nani?"

"Ya shangazi yangu. Ina maana sana kwake."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoharibu. Nilipoirudia kaseti Jumatatu alinipa mbili kwenye mfuko mmoja na uso wa mtu mwenye habari mbili pia. Utepe wa zamani ulikatika karibu na mwisho, wakati anaurudisha nyuma. Ulijikunja kwenye deki, akaukata sehemu mbaya akaiunga kwa rangi ya kucha ya mke wake. Lakini nakala aliipata kamili kabla ya hapo.

"Na kwa vile ni ya shangazi," alisema, "nimeweka na salamu. Bure."

Tulizisikilizia dukani, shangazi, mwenye duka na mimi. Nakala mpya ilianza vizuri. Mluzi, mkwaruzo, sehemu ya kwanza, kimya. Mluzi, mkwaruzo, sehemu ya pili, na katikati ya mkwaruzo ule spika ikasema kwa furaha:

"Rekodi safi, rekodi moto, kutoka standi ya Shinyanga! Salamu zimfikie shangazi mpendwa wa yule msomi wetu, popote pale alipo, pamoja na wote wanaomfahamu. Ujumbe: mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kisha mkwaruzo ukaendelea.

Mwenye duka alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akaenda kucheka nyuma ya rafu za mipira ya baiskeli. Kompyuta iliandika kwa Kiingereza kwamba kuna kosa katika upakiaji. Mimi nilitazama waya. Shangazi aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ule wa zamani amesema umekatika wapi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni ni ramani. Salamu ziko kwenye michoro." Alichukua kaseti ya zamani, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akahesabu kwa macho utepe uliobaki upande wa kushoto hadi alipoliona doa jekundu la rangi ya kucha. "Michoro huku ni mizima. Ramani kule ni nzima. Mashine haijui kaseti imebadilishwa. Inasubiri mluzi tu."

Nilikuwa nimesoma mantiki kwa miaka mitatu na sikuwa nimeliona. Tulipakia sehemu ya kwanza na ya pili kutoka kaseti ya zamani, utepe ukilia kama mlango. Tulisimamisha wokmani. Nikatoa ile, nikaweka mpya, nikaizungusha kwa kalamu ya risasi hadi mahali alipoonyesha, baada ya salamu. Nikabonyeza. Mluzi, mkwaruzo mrefu, kimya. Kioo kikawa cheusi, kisha kijani, na jina la mchezo likajiandika polepole juu: LAMBO. Chini yake, kwa herufi ndogo, mstari mmoja: Umetungwa na, halafu jina kamili la mwenye duka, Shinyanga.

Sote watatu tulisoma. Hapo ndipo nilipomtazama shangazi kama nilivyozoea kuwatazama watu ninaowashuku, na nadhani aliliona.

"Ni jina lako, Bosi," nilisema.

"Naona," mzee alijibu. Hakucheka tena.

"Niliandika hivyo kwa sababu mashine ilikuwa yake," shangazi alisema. "Kila kitu kilichotoka hapa kilikuwa na jina lake. Risiti, mifuko, kalenda. Mimi nilikuwa mfanyakazi. Ningeandika jina gani?"

"La aliyetunga."

"Hakuna aliyeniuliza nani ametunga. Wewe ndiye wa kwanza."

Kisha mzee akakohoa, akasema kwamba kuna jambo. Yule ndugu yake wa Uingereza alitumiwa nakala zamani. Akaicheza, akaonyesha wageni, akaandika barua ya pongezi, na ile barua haikuwahi kupata jibu la kusahihisha. "Kule wote wanajua mimi ndiyo fundi wa mchezo," alisema. "Harusini wananiuliza, unatunga mwingine lini? Nasema, biashara nyingi." Alitazama meza. "Hata kuiwasha sikujua, dada. Futa. Futa tu jina."

Shangazi alikaa kwenye kiti. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mchezo ukasimama, maagizo yote yakamwagika kwenye kioo, mistari yenye namba, makumi kwa makumi. Hakutafuta. Aliandika namba ya mstari mmoja, ukaja, na kialama cha kuandikia kikasimama kwenye herufi ya kwanza ya jina la mzee. Kama nilihitaji ushahidi, ulikuwa huo, na ulichukua muda wa kupiga chafya.

Na hapo nikamwambia asifute. Si kwa ajili ya mzee. Nilimwambia kwamba ushahidi ulioguswa si ushahidi tena. Akifika Geita na mchezo wenye jina lake, atakuwa na jina aliloliandika wiki hii. Akifika na jina la mzee, atakuwa na kitu cha kweli kinachomkana. Nilieleza vizuri. Nilikuwa hodari wa kueleza njia zote zilizofungwa.

"Sikiliza, wewe mtoto," alisema bila kunigeukia. "Nilipouandika mchezo huu, nilikuwa nafanya nini kama si kuugusa?"

Mzee alinitazama kama anayesubiri niendelee.

Jina la mzee hakulifuta. Aliongeza mstari wa pili chini yake, na ilimbidi apunguze maneno kwa sababu upana wa kioo haukutosha. Ukasomeka: Mashine yake. Kazi yangu. Kisha jina lake. Kwenye mstari wa juu alibadilisha neno moja tu, "Umetungwa na" likawa "Umetungwa kwa", akasema mengine ni ya kweli. Mzee alisoma mara mbili.

"Ndugu yangu hatafurahi," alisema.

"Mwambie biashara nyingi, Bosi."

Nilihifadhi kila kitu kwenye disketi, kiigizi na mchezo pamoja, nikamfundisha namna ya kuvifungua. Alinifundisha nikimfundisha. Aliona njia fupi zaidi ya ile niliyoijua. Jumapili alipanda basi, akalala kwa ndugu, na kesho yake saa nne akaingia chumba chenye watu watatu, mmoja wao mzungu.

Alivyonisimulia, walimwomba cheti. Alisema barua iliomba ushahidi. Wakatazamana. Mzungu akachukua disketi, akaifungua mwenyewe, akacheza. Fisi walimla ng'ombe wa kwanza, wa pili akazama kwenye tope, na wale wawili wengine wakaanza kumwelekeza, mmoja kwa Kisukuma, kwamba mbugani hukati katikati mvua ikinyesha, unazunguka kwenye kichuguu. Mzungu akazunguka. Aliwafikisha ng'ombe wanne. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa mwanzo, akauliza majina haya mawili ni ya nani.

"Nikamwambia wa kwanza ni mwenye mashine," shangazi alisema.

"Na wa pili?"

"Nikamwambia wa pili ni mimi. Akaniuliza, tutajuaje? Nikamwambia, chagua kitu chochote humo, niambie nikibadilishe, ukiwa umekaa hapo hapo."

"Akachagua nini?"

"Alitaka ng'ombe wawe na mkia."

Ilimchukua dakika kumi na tano, alisema, kwa sababu ilibidi aipunguze nundu, na aliipunguza kwa uchungu. Nafasi mbili za ukarani walipewa vijana wawili wenye vyeti, kutoka Mwanza. Yeye walimwita baada ya wiki tatu kwa nafasi ambayo haikuwa imetangazwa, stoo, kwenye kompyuta ya kuorodhesha vipuri, kwa mkataba wa miezi sita wa kumjaribu. Aliuza cherehani. Nilimwambia asubiri kwanza amalize hiyo miezi sita, maana mkataba wa majaribio si ajira.

"Unaona," alisema akifunga mzigo wake, "ndiyo maana wewe bado unasubiri barua."